Chakula cha Nyumbani, Njaa ya Sokoni

Vijana wangu wa kliniki, mmeniomba mara mbili niandike habari za kazi yetu, na mara zote mbili niliwajibu kwamba nitaandika nikimaliza kupalilia kahawa. Tangu nistaafu nimegundua kuwa kahawa haimalizwi kupaliliwa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Ziko masjala, na kwa jinsi ninavyoijua masjala yetu, zitabaki huko huko. Nitawaandikia jinsi nilivyoanza, mtu aliyenifundisha, na habari za mama mmoja wa Njoro ambaye mpaka leo nikimkumbuka chai hainipiti vizuri.

Siku yangu ya kwanza nilishuka Moshi mjini nikitokea kwetu Machame, nimevaa koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi ya mkaa mpaka likawa linasimama lenyewe. Mlinzi wa geti la kliniki aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni afisa lishe. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Wa jikoni wanaingilia mlango wa nyuma." Mwanaume wa lishe alikuwa kitu kigeni siku zile. Watu walidhani nimeukosa udaktari nikapelekwa kwenye masufuria. Jina la Bwana Lishe, ambalo nanyi mmeniita mpaka nastaafu, lilianzia pale getini, na halikuanza kama jina la heshima.

Aliyenipokea ndani alikuwa Mama Ndosi, muuguzi mkongwe wa kliniki, mwanamke mfupi aliyetembea kama mtu anayewahi maziwa yasichemke yakamwagika. Hakunipa kiti. Alinipa mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano na suruali ya kitambaa ya kumvalisha mtoto, akaniambia nibebe, tunapanda Kibosho. Nilibeba. Koti langu lilifika juu likiwa na rangi ya udongo wa mlimani, na Mama Ndosi alipoliona alisema sasa angalau linafanana na koti la kazi.

Kwa miaka mingi kazi ilikuwa hiyo: kupima watoto, kuwafundisha mama zao kuchanganya unga, kufuatilia wasioongezeka. Halafu, polepole, bila mtu kutangaza, benchi letu likaanza kukaliwa na watu wazima. Wengi walikuwa na sukari, wengine presha, wengine vyote viwili. Mizani niliyoanza nayo ilikuwa ya kupima watoto waliokonda. Niliyomaliza nayo ilikuwa ya kupima watu wazima walionenepa, na wote walitoka kwenye nyumba zilezile. Wenye fedha mjini walidhani sukari ni ugonjwa wao. Sisi tuliokaa na kipimo mkononi tulikuwa tunatoboa vidole vya wapagazi wa soko, wafua nguo na wauza ndizi.

Hapa niwape somo moja la Mama Ndosi, kwa sababu halimo kwenye mwongozo wowote niliowahi kupewa. Kwetu mgeni hakai mdomo mkavu. Zamani alipewa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwenye kata ya kibuyu. Kwa waliookoka, na kwa wengi waliohamia mjini, mbege imeondoka na mahali pake imekaa soda. Mwenye nyumba anaweza kukosa chumvi, lakini mgeni akibisha hodi soda itatafutwa hata kwa kukopa. Na anayekataa kinywaji cha nyumba ya watu ana lake moyoni: ama ana kinyongo, ama anaogopa kuwekewa kitu.

"Sasa wewe umekuja kumwambia mtu aache soda," Mama Ndosi aliniambia tukiwa njiani, "na yeye ameshakuletea soda. Utafanyaje?"

Nikasema nitakataa kwa upole na kumweleza.

"Umemtukana kwa upole. Omba kabla hujapewa. Ukisubiri uletewe, umechelewa."

Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Akifika uani, salamu hazijaisha, macho yake yameshazunguka. Akisikia ng'ombe anasema, "Mama, nimepanda kilima chote hiki nawaza maziwa yako ya mgando." Akiona moshi na maganda ya ndizi za mshare anasema, "Nipe mchuzi wa mtori, kikombe kimoja tu, nipate nguvu." Akiona nyumba haina kitu anaomba maji ya moto na jani la mchaichai. Hakuwahi kuomba kitu ambacho hakijaonekana. Mwenye nyumba alicheka, alifurahi, mgeni amekula kwake, na soda ilibaki dukani. Nimeifanya kazi hii mpaka nywele zimekuwa nyeupe na sijaona mbinu ya kuishinda hiyo, ingawa nimehudhuria semina nyingi, na semina zote zilikuwa na soda.

Mama Ndosi alistaafu akaniachia kliniki ya sukari na kopo lake la kufundishia. Ndani ya kopo kulikuwa na sukari, kijiko cha chai na chupa tupu ya soda. Nilikuwa nasimama barazani mbele ya wagonjwa, natia sukari ndani ya chupa kijiko baada ya kijiko, mpaka wafike mahali pa kuguna. Siku zote waliguna. Kisha ninanyanyua chupa na kunyamaza, wajionee wenyewe.

Siku moja, baada ya mguno, mama mmoja wa nyuma alinyoosha mkono. "Kumbe sukari yote hiyo wanatuuzia kwa bei ile? Basi soda si ghali kama nilivyokuwa nalalamika."

Baraza zima lilicheka. Mimi nilibaki na chupa yangu hewani. Huyo alikuwa Apolonia, mjane wa makamo, mzaliwa wa Kibosho, aliyepanga chumba kimoja Njoro na kuuza ndizi katika soko la Kiboriloni. Mtoto wake wa pekee alikuwa mbali akihangaika na maisha yake. Apolonia alikuwa na sukari, na miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi. Alikuwa na ulimi usio na breki na kichwa kinachofanya kazi. Kuanzia siku ile hakuacha kunitania.

"Ninyi watu wa Machame," aliniambia nikimtoboa kidole, "mtapima mpaka mate ya watu."

"Na ninyi wa Kibosho mngepimwa mapema, dada Apolonia, nisingekuwa na kazi."

Alikuja kila kliniki. Vidonge alimeza. Nikimuuliza kama amesahau dozi alisema siku aliyosahau, na sababu. Mnajua jinsi wagonjwa wanavyotudanganya kwa kutuonea huruma, ili tusikasirike. Yeye hakunidanganya hata mara moja, na kwa hilo nilimheshimu kuliko wengi waliokuwa na majibu mazuri.

Kisha ukaja mradi wa chakula. Jina lake nitaliacha, maana umeshafungwa na waliouendesha hawakuwa watu wabaya. Kaya zenye kipato kidogo na mgonjwa wa sukari au presha zilipewa vocha. Unaipeleka kwa Mangi aliyeteuliwa, kama tunavyowaita wenye maduka, unachukua unga, maharage, mafuta, mayai na mboga. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati, nikiwakilisha kliniki. Apolonia alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandikishwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu vipimo vyake vikaanza kushuka. Alikuwa anakula maharage usiku badala ya chai na mkate. Hakuna muujiza mwingine uliofanyika.

Mradi ulikuwa na kanuni mbili kuhusu soda, na naomba mzitenganishe vichwani mwenu, kwa sababu mtakutana nazo tena. Ya kwanza ilisema vocha isinunue soda. Hiyo niliiunga mkono, na ningeiunga mkono leo. Ya pili ilisema mwenye vocha asinywe soda, na akibainika anatolewa. Hiyo niliipinga, nikashindwa kwa kura. Kanuni ya kwanza inalinda chakula. Ya pili inamlinda nani, niliuliza, na nikajibiwa kwamba inalinda lengo la mradi. Niseme pia kwamba wakati tukijadili kama maskini wanywe soda au wasinywe, kila mjumbe alikuwa na soda yake mezani, baridi, na leso ya karatasi imezungushiwa shingoni mwa chupa.

Wakaguzi walikuwa vijana, wamefundishwa vizuri, na wameagizwa wasile wala wasinywe kitu katika nyumba za watu. Wakikuta chupa mezani, wanaandika. Mnaona shida ilipo? Chupa iliwekwa mezani kwa sababu wao wamekuja. Nyumba ambayo ingekuwa na soda kutwa nzima isingekuwa na haja ya kukimbilia dukani, ila ile ambayo haina ndiyo ilitoka mbio kwa Mangi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja na mwenyeji akafutwa.

Apolonia alikuja ofisini kwangu siku ambayo haikuwa ya kliniki. Alikaa, akakunja kanga mapajani, na hakunitania. Hapo nilijua kuna jambo.

"Bwana Lishe, nimefutwa. Mangi ananiambia jina langu halipo."

"Ilikuwaje?"

"Walikuja vijana wawili, msichana na mvulana. Shikamoo mama, marahaba wanangu, watoto wana adabu. Nikawaambia kaeni, nikatoka kwa Mangi nikachukua soda mbili. Kifungulio sina, kwa hiyo Mangi akanifungulia kule kule dukani. Sasa nimerudi na chupa ziko wazi, wao hawakuona zikifunguliwa. Utampaje mtoto wa mtu kitu kilichofunguliwa hajaona?"

Nilianza kuelewa. "Ukaonja."

"Si lazima nionje? Nilimimina kidogo kwenye kikombe, nikanywa wananitazama, nikawaambia karibuni. Mama yangu mbege alikuwa anaonja hivyo hivyo. Hawakugusa. Yule msichana akainama, akaandika."

Vijana mliozaliwa mjini, niwaeleze. Mbege ikiletwa, mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, ili mgeni aone kwa macho yake kwamba hakuna sumu. Si uroho, ni kiapo. Kwa kuonja unamwambia mgeni kwamba likikupata jambo, limenipata mimi kwanza. Wale vijana, mmoja alikulia Arusha na mwingine Dodoma, waliona mgonjwa wa sukari anakunywa soda mbele yao bila aibu. Naye aliona vijana wanakataa kinywaji baada ya yeye kukiapia. Kila upande uliondoka pale umeumia.

Nilikwenda kwa mratibu wa mradi, kijana mpole kutoka Mwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata simu yake ilipolia hakuipokea. Alisema, "Mzee wangu, hilo la kuonja silijui, lakini nakuamini. Mlete mbele ya kamati aeleze mwenyewe. Ikiwa soda ile ilikuwa ya wageni, tutamrudisha." Nilitoka pale nimeshinda kesi kabla haijaanza. Nilimpitia Apolonia sokoni, nikamwambia avae vizuri na aeleze ile siku kama alivyonieleza mimi.

Alikuja amevaa gauni la kanisani. Aliwaeleza wajumbe habari ya kifungulio, ya kikombe, ya mama yake na mbege. Mjumbe mmoja wa Marangu alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na hata wale wasio wa mlimani waliguswa. Mratibu akatabasamu. Akauliza swali ambalo nadhani aliliona la kufungia tu mkutano.

"Kwa hiyo mama, ukiacha siku ile ya wageni, wewe soda hunywi?"

Apolonia alifikiri kidogo. Nilimtazama, nikimwomba kwa macho.

"Nakunywa," akasema. "Kila siku ninayokaa sokoni."

Mratibu, kwa sauti ya chini, akamuuliza kwa nini, hali anajua ni mgonjwa.

"Najua, baba. Huyu kaka hapa amenionyesha na vijiko. Mimi naamka giza kupokea ndizi zinazoshuka kutoka Kibosho. Mpaka jua linakuwa kichwani sijatia kitu mdomoni. Mama ntilie yuko upande wa pili wa soko, nikienda kukaa kwake nyuma yangu ndizi zinakwenda. Soda inaletwa pale nilipo, naishika mkono mmoja, mkono mwingine unauza. Nikinywa na andazi, njaa inalala na macho yanafunguka. Maji ya pale mimi siyaamini, tumeshaugua. Hayo maharage mnayonipa ni mazuri, aika, asanteni sana. Lakini mnanipa chakula nyumbani, na mimi mchana nyumbani siko. Njaa inanikuta sokoni."

Kisha mjadala ukaanza, na ulikuwa mrefu, na sitausimulia wote. Waliomtetea walikuwapo. Lakini kanuni ilikuwa imeandikwa, na yeye amekiri kwa kinywa chake mbele ya watu wote. Kama akisamehewa yeye, alisema mmoja, waliofutwa kwa chupa moja wataambiwa nini? Mratibu alikuwa ameshika kichwa. Uamuzi ukawa kwamba anatolewa mpaka mapitio yajayo.

Nilimkuta nje, kwenye ngazi, anabadilisha viatu vya kanisani avae ndala.

"Dada Apolonia, umejimaliza mwenyewe," nikamwambia. Nilikuwa na hasira kweli. "Alikuwa anakupa mlango."

"Wewe miaka yote unaniambia nisikudanganye habari ya dawa. Sasa nikawadanganye hawa?"

"Ungeweza kunyamaza."

"Aliuliza, mbe," akasema, akiniita bwana kwa Kichaga. "Mtu mzima akiulizwa anajibu."

Akaniaga akaenda zake kuwahi soko.

Nimpe mratibu haki yake. Maneno ya Apolonia hayakumtoka. Alikwenda Kiboriloni mwenyewe, akakaa kwenye kreti tangu asubuhi mpaka mchana, akaona. Alirudi akatuambia mradi wetu umepangwa kana kwamba maskini anashinda nyumbani. Baada ya vikao vingi ambavyo sitawachosha navyo, sehemu ya vocha ikageuzwa kuwa sahani: mama ntilie wawili wa soko lile walilipwa na mradi wapeleke chakula kwenye meza za wafanyabiashara, kiburu cha ndizi au ugali na maharage, mboga ya mnafu, na maji yaliyochemshwa. Mimi ndiye niliyekuwa napita kuangalia vipimo vya sahani.

Takwimu za mradi waulizeni wenye mradi. Nilichokiona mimi ni kwamba waliokuwa wanakunywa soda kwa njaa waliiacha haraka, wengine ndani ya wiki ileile, bila mahubiri. Waliokuwa wanaipenda tu waliendelea, kama mimi na kahawa yangu. Kopo la vijiko nililirudisha kabatini. Mkipenda litumieni, lakini kabla hamjafungua mdomo muulizeni mtu anakula nini mchana, saa ngapi, na amekaa wapi.

Apolonia, ambaye jina lake lilikuwa bado limefutwa, alikuwa anaziona zile sahani zikipita. Meza ya kushoto kwake ilipata, meza ya kulia ilipata. "Leo mnafu umeiva vizuri," aliwaambia, "harufu yake tu imenishibisha." Wenzake walimmegea, na mama ntilie mmoja alimpelekea ukoko na maharage siku ambazo chakula kilibaki. Lakini chakula cha nyumbani kilikuwa kimekatika. Ilibidi auze kila siku, hata siku za kliniki, na kwa mara ya kwanza akaanza kutokuja. Nilimtumia salamu. Alinijibu kwamba akipata nafuu ya biashara atakuja, na kwamba niwasalimie Machame.

Nilipomkuta baadaye alikuwa amevaa soksi nzito juani. Nilikuwa napita na kazi ya sahani, nikasimama mezani kwake tukataniana kidogo, na harufu ikanifikia. Mnaijua harufu ile. Nikamwambia avue. Alikataa, akasema watu wananunua ndizi hapa, nisimfukuzie wateja. Nikainama nikavua mwenyewe. Msumari wa kreti ulikuwa umepita kwenye ndala na kuingia wayoni, sijui siku ngapi nyuma, naye hakuusikia. Ganzi ilikuwa imepanda. Aliona damu kwenye ndala ndipo akajua ameumia, akafunga kitambaa, akaendelea kuuza.

Nilimpandisha bajaji tukaenda hospitali. Madaktari walijitahidi, nami nilikuwa nakwenda kila jioni. Mguu ulikatwa chini ya goti. Siku waliyoniambia nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi nikalia, mtu mzima mwenye koti jeupe, na wapita njia wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Alipotoka, chumba cha Njoro kilikuwa kimeshapangishwa mwingine. Kaka yake alimchukua, akampeleka kwao Kibosho, kwenye nyumba ya migombani. Nami siku zangu kazini zilikuwa zimebaki chache. Katika mapitio ya mwisho kabla mradi haujafungwa, jina la Apolonia lilirudi kwenye vocha. Halikurudi kwa sababu ya soda. Kanuni ilisema mwenye ulemavu anaingizwa moja kwa moja, bila kuhojiwa. Mratibu alinipa vocha ile mkononi, akashindwa kunitazama, na mimi sikumlaumu. Nilipanda nayo Kibosho.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, gongo la kutembelea limelala pembeni, anamenya ndizi. Alikuwa amekonda. Wifi yake alituachia nafasi akaenda kukata majani ya ng'ombe. Nilimpa vocha, nikamweleza imerudi vipi, kwa sababu najua angeniuliza. Aliigeuza upande huu na huu.

"Nilipokuwa na miguu miwili nilikuwa na kosa," akasema. "Sasa nina mmoja, kosa limeisha."

Aliichomeka vocha kifuani, akafuta mikono yake kwenye kanga. Kisha akavua kiatu cha mguu uliobaki, akaunyoosha mbele yangu.

"Haya, Bwana Lishe. Usiniangalie hivyo, fanya kazi. Huu nao nifanye nini usiondoke?"

Nilipiga magoti pale mlangoni. Nikaanza kumweleza: maharage, mnafu, mayai, asiache vidonge, akague wayo kila siku. Nilikuwa namweleza huku nikiukagua mguu, nikipanua vidole, nikitafuta mpasuko. Ngozi ilikuwa nzima. Nikamwambia atazame pembeni, upande wa migomba, aniambie akisikia nikimgusa. Akageuka akatazama migomba.

Nikambonyeza kidole gumba cha ule mguu kwa ukucha.

Tulikaa hivyo. Mle migombani wifi yake alikuwa anaimba akikata majani.

"Bonyeza basi, mbe," akasema. "Nasubiri."

Nilikuwa nimeshabonyeza.